Baba Eva Ameenda Kufuata Soda

Wilibrodi alijikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari la watalii, akisikiliza sherehe ya kipaimara cha binti yake mwenyewe.

Gari aliliegesha nyuma ya nyumba, ubavuni mwa banda la ng'ombe. Juma zima alikuwa akiwashusha wageni kreta kutazama wanyama na kuwapandisha, akiwachekea na kuwajibu kila swali, mpaka maneno yakamwisha. Leo amerudi Karatu, anakuta jumuiya nzima imejaa uani. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Wilibrodi hakuona dalili ya kupona. Alisalimia, akapiga picha, akatoroka. Angepata ukimya kidogo tu, angekuwa mtu tena.

“Baba Eva yuko wapi?” Ilikuwa sauti ya Mama Benedicta, mwenyekiti wa jumuiya. “Si ndiye wa kutoa shukrani?”

“Ameenda kufuata soda,” alijibu Katarina, mkewe, bila kusita. “Kunyweni chai kwanza. Mtatusamehe ni ya rangi, ng'ombe wetu anakaribia kuzaa.”

Akaongeza utani kuhusu ng'ombe, watu wakaangua kicheko.

Uso wa Wilibrodi uliwaka kwa aibu. Mwanamke hajaketi tangu alfajiri. Amepokea, amepakua, amecheza na kwaya, na sasa anadanganya mbele ya watu wa kanisa ili kumsitiri mume aliyejificha kama mwizi wa kuku. Katarina aliumbwa kwa ajili ya watu. Hakustahili kupewa mume bubu.

Majirani walishaanza kunong'ona: ana kiburi, ana mwanamke mjini. Wilibrodi akajiapia kwamba leo atamwambia mkewe ukweli, kwamba watu humchosha, hata wale anaowapenda, na kwamba miaka yote hii amekuwa akijificha humu garini. Akimcheka, na amcheke.

“Jamani, nakwenda kukamua mara moja!” Katarina aliwaaga wageni. Ndoo ikagongagonga kuelekea bandani.

Na kukamua tena! Wilibrodi hakuweza kuvumilia zaidi. Alishuka garini, akasukuma mlango wa banda, maneno ya kuomba radhi yakiwa mdomoni.

Katarina alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu kando, macho ameyafumba.

“Funga mlango, Baba Eva,” alinong'ona. “Wasituone.”