Kovu la Tikiti

Tikiti hili lilinenepaje katika jua lililokausha mashamba yote ya Kola?

Akina mama wa kikundi cha wakulima walikuwa tayari na vikombe, wakingoja mbegu zinazostahimili joto, tegemeo lao la msimu ujao.

"Wewe wa chuo," Mzee Kaloki, mwenye shamba, akanitania aliponiona nasita kulipasua, "kwani Mungu naye akuombe ruhusa?"

Nilipapasa ganda. Tunda likiwa dogo kama ngumi, nilikuwa nimelikwaruza herufi K kwa ukucha ili nilifuatilie. Kovu la namna hiyo hupanuka na kuwa gumu kadiri tunda linavyokua. K hii ilikuwa nyembamba na mbichi, kama iliyokwaruzwa asubuhi hiyo, na majimaji yake yakanilowesha kidole.

Niliwageukia wale wanawake.

"Mama zangu, mbegu hizi hatutazipanda. Tikiti hili silo nililolitia alama."