Moyo wa Bandani

Jino la mlinzi lilitua kwenye ndoo ya pumba. Mwenyewe alilifuata kwa macho kama mtu aliyeangusha ufunguo kisimani.

"Umening'oa jino kwa ajili ya nguruwe?" aliuliza, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Sogea tena nikupunguzie na mengine," mfugaji alimjibu. Alisimama mbele ya mlango wa banda, sepetu mkononi, miguu kaitanua kama golikipa.

Nyuma ya mlango huo kulikuwa na nguruwe mmoja, na hakuwa nguruwe wa supu. Alitokana na seli iliyochokonolewa maabara. Ile sukari ya kinguruwe, ambayo askari wa mwili wa binadamu wakiinusa tu wanapiga kelele za mwizi, ilikuwa imeondolewa. Badala yake zikapachikwa jeni za mtu. Moyo wake ukiingia kifuani mwa binadamu, mwili ungeupokea kama mgeni aliyebisha hodi kwa adabu. Mfugaji ndiye aliyemlea kwa chupa tangu azaliwe, ndiyo maana wenzake walimwita Bwana Harusi.

Leo moyo huo ulitakiwa. Ng'ambo ya ua, kwenye chumba cha upasuaji, mgonjwa alikuwa ameshalazwa mezani, mashine ikimsukumia damu.

"Bwana Harusi, mwachie shemeji yetu atoke!" mlinzi alibembeleza, kiganja mdomoni. "Tutakutafutia mwingine, mnene zaidi!"

Sepetu ilimjibu. Safari hii ilimpata sikioni.

Daktari wa upasuaji alifika mbio, gauni la kijani likimpepea magotini. "Wewe! Kuna mtu anakufa kule! Fungua!"

"Mzee bado anapumua?" mfugaji aliuliza.

"Kwa mashine! Na damu imeanza kuganda kwenye mipira!"

"Basi vuteni subira."

"Subira gani? Hatuna mwingine mwenye moyo wa saizi yake! Unamwonea huruma nguruwe kuliko binadamu? Sikia, hata ukimchinja mwenyewe sasa hivi, moyo nitauchukua ungali moto!"

Mfugaji alikaza tu mikono kwenye mpini.

Mlinzi alirudi na mwenzake, kila mmoja na rungu lake. Utani ulikuwa umeisha. Rungu la kwanza lilimwangukia mfugaji kwenye mtulinga, ule mfupa wa begani, nao ukalia kaa! kama ukuni mkavu. Akazungusha sepetu kwa mkono uliobaki, akampata yule mwenzake gotini. Jamaa alikwenda chini akitukana ukoo mzima. Rungu la pili lilimfumba mfugaji jicho. Pigo la tatu lilimnyang'anya sepetu.

Daktari alijipenyeza kuliwahi komeo. Mfugaji akamng'ata kiganja, meno yakakutana na mfupa.

"Mpigeni!" daktari alipiga yowe, kiapo chake chote kimesahaulika. "Mpigeni atoke hapo!"

Wakampiga kama ngoma ya kukodi. Alianguka magoti, akalikumbatia komeo, akayaachia mabega yapokee yanayokuja. Ubavu mmoja uliitika, kisha wa pili. Ndani ya banda nguruwe alipiga mayowe, akijigonga ukutani. Mfugaji hakugeuza hata shingo.

"Mzee je?" aliuliza katikati ya mapigo, maneno yakitoka na mapovu mekundu. "Bado?"

"Si uondoke basi, kama unamjali!" Daktari alikuwa karibu kulia.

Mlinzi alimshika vidole, akaanza kuvibandua kwenye komeo kimoja kimoja, akivipinda kinyume. Kidole gumba kilivunjika. Cha shahada kikafuata. Mfugaji alinguruma, akabadilisha mkono: ule wa upande wa mtulinga uliovunjika. Akashika tena.

Ndipo simu ya daktari ikaita. Alisikiliza. Kisha akainua mkono wake unaovuja damu, na rungu likabaki hewani.

"Amekata roho," alisema.

Mfugaji aliliachia komeo. Alijivuta pembeni kwa magoti, akausukuma mlango kwa kiwiko mpaka ukafunguka wote.

"Sasa mchukueni," alisema. "Na hiyo simu naiomba, daktari. Nimwambie mama arudi nyumbani, baba hatampiga tena."