Kofia ya Kiboko

Hadithi hii ni fupi kama mkia wa Digidigi, lakini isikilizeni vizuri.

Wakulima wa bondeni walimchagua rais kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Tangu enzi za mababu walijipanga nyuma ya ukoo wa Kiboko, kwa kuwa babu yake ndiye aliyewachimbia mfereji. Nyati, mpinzani wake, hakukanyaga huko. Aliona ni kujisumbua bure. Mwaka huu hata Kiboko hakuja. Alituma kofia. Ikawekwa juu ya kisiki, nao wakajipanga nyuma yake.

Mama Digidigi, mwoga kuliko wote, alitazama kunde zake zilizonyauka kando ya mfereji mkavu. Akatoka kwenye foleni.

Nungunungu, msimamizi wa foleni, akasimamisha miiba. "Rudi, mama! Unakwenda kwa Nyati?"

"Hapana, mzee wangu."

"Unakwenda wapi basi?"

"Siendi popote. Nafikiria."

Miiba ikamfika shingoni, naye akafumba macho.

Kunguru akaruka kupeleka habari kwa wagombea wote wawili. Punde ardhi ikatetemeka. Kiboko alikuja mbio, akajitosa mferejini, akaanza kuzoa matope kwa mdomo. Nyati naye akatokea upande wa pili, akichimbua kwa pembe. Maji yakaja.

Miiba ya Nungunungu ikalala. "Haya, sasa unamchagua nani?"

"Bado nafikiria," akasema Mama Digidigi.

Alipogeuka, akakuta foleni nzima imejipanga nyuma yake.