Mazishi Yaliyotangazwa Kwenye Simu

Kwa jina la Mola asiyemsahau mja wake. Mzee Mbarouk alikwenda na bakuli la uji kumtazama Shali, ndugu yake wa kunyonya aliyekuwa mgonjwa, akakuta watu wamesharudi kaburini kumzika.

"Tulitangaza kwenye kundi la simu tangu alfajiri, ami," akasema Nassir, mwana wa marehemu.

"Simu yangu ya vibonye italipata wapi kundi? Nami nakaa mtaa wa pili."

"Tulidhani wote wamejua. Picha zipo, tazama."

"Nimenyonya ziwa moja na babako, Nassir. Mchanga wa kumzika niutie kwenye kioo hicho?"

Mzee akashika njia ya makaburini. Nassir akamfuata pekupeku.

Mola awahifadhi waliobaki, awajaalie kupigiana hodi.