Unyayo wa Mtetea

"Lete maji ya uvuguvugu, utie na chumvi," mume alisema. "Usikawie, mwenzio anaumia."

Mwenzio alikuwa mtetea. Mume alimpakata kama kifungua mimba, kamgeuza unyayo juu. Katikati ya unyayo palikuwa na gamba jeusi, dogo kama punje ya pilipili manga, na nyama imevimba kulizunguka.

"Jana tu nilimwona anachechemea uani, nikajua." Mtaa mzima walimwita Daktari, na jina lilikuwa limemkaa. "Wewe huoni vitu hivi."

Mke alikuja na beseni, akiuburuta mguu wa kushoto. Ni mwezi sasa anauburuta, tangu siku alipoanguka kwenye ngazi akipigilia ufito wa kulalia kuku. Alikuwa amesema uko juu mno, akajibiwa kuku hapendi kulala chini. Kifundo kilivimba hadi viatu vikamkataa. Daktari hakuuliza.

Sasa alikuwa akimpapasa mtetea kidole kwa kidole.

"Ni kule kuruka kutoka juu," alisema taratibu. "Maskini, nani angestahimili? Weka beseni hapa, halafu chukua ngazi ukaushushe ule ufito. Mimi siwezi kumwacha."

Mke aliweka beseni chini. Akavuta kigoda, akaketi, akavua kandambili ya kushoto, akauzamisha mguu hadi juu ya kifundo. Maji yalikuwa na joto zuri.

Daktari aliinua macho kutoka kwa kuku.

"We mama," alisema, "hayo maji ni ya mgonjwa."