Sura ya Mwalimu

"Vua miwani," mpambaji alisema. "Na kofia. Usicheke."

Hakuwa akicheka. Alikuwa amekunja uso kwa sababu ya balbu kumi na mbili zilizozunguka kioo. Alizaliwa na ualbino, na macho yake hayakuwahi kupatana na taa kali. Bila miwani aliona ukungu tu.

Mwongozaji wa filamu akapita, akawaambia vijana wa umeme wazime taa moja, huyu bwana anatosha. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Basi mniandike fundi umeme," akajibu. "Pale kwenye majina ya mwisho."

Kicheko kikakatika. Utani ulikuwa na mwenyewe, kumbe.

Alishazoea. Katika filamu kumi na moja amekuwa mzuka mara tisa na maiti mara mbili, na hata kwenye umaiti huo alikemewa kwa kupepesa macho. Hakuwahi kupewa jina, wala neno la kusema zaidi ya "Huuu." Safari hii mhusika mkuu ni mwalimu mwenye ualbino, mwenye mke, jina na hasira zake. Msaidizi wa mwongozaji alimpigia simu, akasema wamehangaika wiki tatu na sura yake ndiyo hasa wanayoitaka. Mkewe alimsikiliza mistari yote, mpaka jikoni akawa anamwita mwalimu.

Kwenye kiti cha pili alikaa nyota wa filamu, mtu wa kwenye mabango. Salamu hakuitikia.

"Inua kidevu," mpambaji akaamuru.

Akainua. Brashi ikamgusa shavuni mara moja, ikaondoka. Kidole kikafuata madoa ya jua, doa baada ya doa, kama mtu anayehesabu.

"Funga macho. Tulia hivyohivyo."

Akafunga. Akatulia kuliko maiti zote alizowahi kuigiza, huku akipitia mistari yake moyoni. Saa nzima ikapita. Mwongozaji akaja kusimama nyuma ya viti, akanung'unika kwamba nyusi bado nyeusi, kwamba kazi gani hii ya kitoto. Brashi ikakimbia.

"Haya, sawa," hatimaye mwongozaji akasema. "Mwalimu, simama tukuone."

Akasimama, akapapasa miwani, akaivaa. Kando yake nyota naye alikuwa amesimama, mweupe hadi kope.

"Si wewe, bwana," mwongozaji akamwambia. "Wewe kaa. Bado hatujanakili mikono yako."