Aliyeoga Chemchemini

Cresensia aliposhuka na debe lake asubuhi, alimkuta mdogo wake amekaa katikati ya chemchemi, maji yakimfika kifuani.

Si pembeni, wala si kule chini ng'ombe wanakonyweshwa. Katikati, pale maji yanapochipuka. Bibiana alikuwa akifua kanga yenye damu, bila haraka. Maji yale ni ya baridi kali na alikuwa akitetemeka, mkono mmoja ukisugua, mwingine ukiwa tumboni.

"Bibiana! Wewe si una metimani? Unajua unachofanya?"

"Najua, dada."

Kila mtu katika kijiji kile cha juu ya Endabash alijua. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba ana metimani: hukaa kwake, haingii nyumba ya mtu, hashikwi mkono, na hagusi kamwe maji wanayokunywa wengine. Padri alikuwa amekataza mambo hayo, chama nacho kimekataza. Watu waliitikia ndiyo kwa wote wawili, kisha wakaendelea na yao. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu Ignas, mume wa Bibiana, asimame mlangoni na kutangaza kwa sauti kavu kwamba mimba ya miezi minne imetoka. Akachinja kuku, mgonjwa apate mchuzi. Majirani walitoa pole kwa mbali, na hakuna aliyeingia kuona.

Ignas alikuwa mtu wa Singida, mhudumu wa tangi la maji. Mwaka ule kipindupindu kilipoingia, kazi yake ilikuwa kupanda ngazi kila asubuhi na kutia dawa ya unga tangini, watu wapate maji salama ya bomba. Dawa aliitia, na watu hawakunywa. Yananuka kama hospitali, walisema. Chai haina ladha, hata ndama anageuza shingo. Wakarudi chemchemini kwenye maji matamu ya babu zao, na mvua kubwa ilipokokota uchafu wa vyoo vya mlimani hadi pale, wakaanza kufa. Bwana afya alikuja na pikipiki, akaeleza mpaka sauti ikamkauka, akazungushia chemchemi miiba. Kesho yake miiba ilikuwa kuni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Walikufa kumi na mmoja katika wiki tatu. Wawili walikuwa watoto wa Cresensia. Alibaki na mmoja, Antonia, wa miaka mitatu, na bado alimnywesha maji yale yale, maana ndiyo yaliyomlea yeye. Bibiana alimwomba ateke maji ya bomba. Alimpigia magoti, akalia. Cresensia akamjibu kwamba asiyezaa hamfundishi mwenzake kulea.

Sasa alisimama ukingoni mwa chemchemi akipiga yowe mpaka wanaume wakaacha majembe shambani.

Wazee walikaa siku hiyo hiyo. Mzee Qamara hakutaka maneno mengi.

"Chemchemi imekufa," alisema. "Mtu asiteke pale, mwaka huu wala mwakani. Atakayeonekana na ndoo, amejitenga nasi."

Hata katibu wa chama, bingwa wa kuhutubia juu ya mila zilizopitwa na wakati, alirudi nyumbani kwa kuzunguka asiipite njia ile.

"Ni wivu," Cresensia alimwambia mdogo wake mbele ya watu wote. "Mungu kakunyima, ukaona na sisi tukose. Kuanzia leo sina mdogo."

Ningependa kusema kwamba Bibiana alijitetea. Hakujitetea. Alimtazama Antonia aliyesinzia mgongoni kwa mama yake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. Wakamwamuru aondoke kabla jua halijatua, asikanyage tena ardhi ile.

Ignas alitaka kufuatana naye. Wazee wakamshika mkono.

"Wewe baki, kijana wetu, huna kosa. Sasa tutakunywa nini kama si bomba lako?"

Kuna akina mama walioanza palepale kumtafutia mke mwingine.

Ignas akamfungia mkewe mzigo wake, akamtwika. Bibiana alimwambia neno moja tu.

"Asubuhi usichelewe kazini."

Waliosikia walitikisa vichwa. Mwanamke gani huyu, hata chozi hana!

Basi kijiji kikaanza kunywa maji ya bomba, kikikunja uso na kumlaani Bibiana kwa kila kikombe. Wiki ya kwanza walizika wawili waliokuwa wagonjwa tayari. Wiki ya pili wakazika mmoja. Baada ya hapo hakuchimbwa kaburi. Antonia alinenepa mashavu, akaanza kukimbizana na kuku. Watu walikubaliana kwamba mkosi umeondoka na mwenyewe, na Cresensia alikuwa wa kwanza kulisema hilo.

Miezi minne ilipita. Huko Singida, alikokuwa akiishi kwa mama mkwe wake, Bibiana alitembea hadi zahanati na kupanga foleni kama wengine. Mkunga alimlaza, akampapasa, akaweka sikio kwenye kifaa chake na kusikiliza. Kisha akachukua kadi mpya na kalamu.

"Miezi minane. Mzima kabisa, anapiga mateke," alisema akiandika. "Umewahi kuharibikiwa na mimba?"

"Hapana," alisema Bibiana. "Sijawahi."